Mkuu Mpya Aonja Maharage

Mama mpendwa, shikamoo.

Baridi ya Mbozi inauma, lakini nina furaha kupita kiasi! Leo kaka Yona ameanza kazi ya ukuu wa chuo cha ualimu, Mwafrika wa kwanza, na wanafunzi wakagoma kula. Mzungu aliyemwachia kiti akamwambia, "Wafukuze, la sivyo watakupanda kichwani."

Kaka akaketi mezani kwao, akaonja maharage yao, akatema mdudu. "Hafukuzwi mtu," akasema. "Yatupwe haya maharage." Mzungu akaondoka amenuna. Wanafunzi wakambeba kaka juujuu, naye akalia mbele yao!

Bodi ya chuo inamwita kesho ajieleze. Mwombee, Mama. Wasalimie wote hapo Ivuna, nawakumbuka sana.

Mwanao,
Eliza