Birika Ndani ya Sikio

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda. Nimekwenda kwa sababu binti yangu amenisumbua wiki nzima, si kwa sababu naumwa. Siumwi! Kuna birika tu linachemka ndani ya sikio, tangu mwaka juzi. Nazima mashine, watu wanaondoka na unga wao, nasema sasa nipumzike – ndipo linapoanza. Fiiii. Mpaka meno yanakereka.

Pale hospitali pana utafiti. Wanataka watu wanaosikia milio isiyokuwepo. Daktari wa utafiti ni kabinti tu, miwani mikubwa kuliko uso. Ananiita bibi kwa sauti kama anamwita mtu ng'ambo ya mto. Nikamwambia: wewe mwanangu, usinipigie makelele, sijafa.

Kauliza kazi. Nasaga nafaka, miaka thelathini na moja. Akaandika, akaandika. Sikupenda alivyoandika.

Kanipa karatasi ya namba, sifuri mpaka kumi. Kila siku nijaze birika linachemka kiasi gani. Nimejaza mbili. Daftari hili ni langu, sidanganyi mtu: nane.

Alhamisi, 6 Machi

Leo kupimwa. Chumba kama kabati, kuta zimepigwa magodoro. Nimevalishwa vidude masikioni, nimeshikishwa kitufe. Fundi wa kupima kakaa upande wa pili wa kioo. Bibi, ukisikia mlio hata mdogo, bonyeza.

Nikasubiri. Birika. Nikasubiri tena. Birika tu!

Basi nikamtazama fundi. Kila akileta mlio, bega lake la kulia linashuka kidogo. Linashuka, nabonyeza. Nimesoma mashine miaka yote hii, nitashindwa kumsoma mtu?

Najua nilichofanya. Lakini mashine inasimamiwa kwa sikio. Nyundo ikilegea inalia hivi, beringi ikikauka grisi inalia vile. Asiyesikia hakai pale. Mimi mwenyewe nilimwondoa mzee aliyenitangulia kwa sababu hiyo hiyo, wala sikumbembeleza. Binti yangu akijua, kesho nimewekewa kiti cha plastiki nje, nipokee salamu za wateja. Mimi!

Matokeo: masikio ya msichana wa miaka ishirini. Niliyeishia darasa la nne nimefaulu mtihani wa hospitali. Sikufurahi nilivyodhani.

Jumatano, 12 Machi

Kwenye benchi nimekaa na mzee mmoja, dereva wa trekta mstaafu, naye yumo kwenye utafiti. Kaniuliza nasikia nini. Birika. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Afadhali wewe, shemeji, unachemshiwa chai. Mimi nina nyenje, shamba zima!"

Shemeji wa wapi? Nikamwambia avae kofia yake.

Daktari, yule Miwani, katueleza sote wawili. Ndani ya sikio kuna vinywele vidogo sana, ndivyo vinavyopokea sauti. Kelele ikivichapa miaka mingi vinakufa, na havioti tena. Sasa ubongo ukikosa sauti uliyoizoea, unahangaika kuitafuta, mwisho unasikia kelele zake wenyewe. Kama redio isiyoshika stesheni, nikasema. Akafurahi kweli, akaandika. Anasema yote hawajayajua, ndiyo maana wanatafiti. Dawa ya kumeza hakuna.

Aliyepungukiwa usikivu anapewa kifaa cha kusikia. Ubongo ukirudishiwa sauti zake, wengine wanapata nafuu. Mwenye masikio mazima anapewa kidude kinacholia kama manyunyu ya mvua, basi. Dereva kapata kifaa. Mimi, mvua.

Halafu kanishika mkono. Bibi, wewe ni ajabu. Miaka thelathini na moja kwenye mashine na masikio yako mazima! Atawaandikia madaktari wenzake habari zangu, wajifunze.

Nilitaka kusema. Nikachukua kidude changu cha mvua, nikaondoka.

Jumapili, 16 Machi

Mvua sikioni, birika juu ya mvua. Tisa. Kwenye karatasi: mbili.

Binti anadai kaniita mara tatu. Nikamwambia nilikuwa nawaza. Mtu haruhusiwi kuwaza nyumbani kwake?

Ijumaa, 21 Machi

Mwandiko wa leo mbaya, nisamehewe.

Saa nne asubuhi, foleni ya wateja kumi. Binti yuko juu ya ngazi anamimina mahindi, mimi chini nashika gunia. Mteja mmoja, mama mshonaji, kanigusa bega. Naona midomo inakwenda. Nikamwambia asubiri zamu yake! Akanivuta kanga, akanielekeza kwa kidole – moshi. Beringi imekauka, inawaka! Kabla sijafika kwenye swichi mkanda umekatika, umemchapa binti yangu mkono. Kaanguka toka kwenye ngazi.

Mfupa haukuvunjika. Kashonwa nyuzi saba.

Mshonaji anasema mashine ilikuwa inapiga mayowe kama nguruwe, muda mrefu, foleni nzima imeziba masikio. Mayowe gani? Mimi nilisikia birika.

Binti yangu hakunigombeza. Heri angenigombeza. Kasema tu, mama, hata mimi sikusikia kitu.

Nikamjibu pole mwanangu, ndiyo kelele za kazi. Nimefua kanga yenye damu, nimeianika, nimekaa. Sasa hivi ndipo wazo limenijia. Alikuwa karibu na beringi kuliko mimi. Ana miaka thelathini na mbili. Mbona hakusikia?

Jumatatu, 24 Machi

Naandika niko hospitali.

Nimemweleza Miwani yote, binti yangu amekaa pembeni, mkono kwenye bendeji. Bega, kitufe, zile mbili mbili za kwenye karatasi. Binti akasema, "Mama! Umemdanganya daktari?" Nikamwambia afunge mdomo, sijamaliza. Miwani kavua miwani, kaifuta, kaifuta tena. Alikuwa ameshaanza kuandika habari zangu. Nimemwambia achane karatasi. Kanipangia kupimwa upya kesho, kioo kikiwa na pazia. Sawa. Na mashine naiacha. Nimelisema mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Halafu nikasema, mpimeni na huyu.

Binti kacheka. Mama, mimi niko fiti, wewe ndiye mgonjwa. Nikamwambia ingia! Nimemlea pale. Nilikuwa nasaga naye mgongoni. Alipokuwa msichana alitia pamba masikioni siku moja, nikaichomoa mbele ya wateja. Nikamwambia hapa tunasikiliza, hatulali.

Yumo ndani. Pazia limeshushwa, simwoni. Mimi niko huku kwa fundi, nimekataa kutoka. Mezani pana taa ndogo nyekundu. Akibonyeza kule, inawaka huku.

Mlio wa kwanza. Haikuwaka.

Labda hajaelewa. Si mwepesi wa kuelewa, kamfuata baba yake.

Fundi kaongeza. Haikuwaka. Bonyeza, wewe mtoto!

Imewaka! Mlio mnene ule, fundi anasema, wa chini. Sasa anarudi kwenye myembamba. Haijawaka. Nimemwambia aongeze. Bibi, nimeongeza mara nne.

Katia alama kwenye karatasi, mstari umeteremka mpaka chini; unavyoshuka, anasema, ndivyo usikivu ulivyopotea. Sasa sikio la pili.