Zoom ya Sephora

Baba Kiki,

Niko ku soko. Bukari iko mu sufuria, samaki chini ya sahani. Tosha nguo ku kamba mbele mvua inyeshe.

Asubui nilifungua appareil yako ya kupiga foto, nione foto zenye ulijaribia zile zoom mbili za occasion, zenye zilishatumika na unataka kununua, ku misa ya mangaribi. Ile ya 2.8, yenye inaona muzuri mu giza, ulipiga nayo Sephora mwenye anaimba mu chorale akicheza. Hata jasho yake inaonekana! Miye bibi yako nilicheza na matoleo ku kichwa, ukanipiga na ile ingine. Niko flou kama moshi ya makala.

~~Usinunue hata moja.~~

Nunua ile ya Sephora, bei yake iko ndogo. Leo nitacheza humu mu salon, na taa moja tu, unipige nayo. Nikitoka flou, utalala na zoom yako.

Mama Kiki