Kuku Mweupe wa Bibi Gaudensi

Bertrams, Johannesburg
Jumapili, 10 Novemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, goti limepoa, na Baba amepunguza kukohoa. Mwambie ile dawa ya kifua ainywe na asubuhi pia, asisubiri mpaka azidiwe. Je, vuli imeanza? Mara ya mwisho uliniambia wingu linashuka mlimani halafu linarudi, kama mgeni aliyesahau nyumba. Huku mvua ya mawe imetuvunjia kioo cha dirisha la jikoni, nimeziba kwa kadibodi. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hautulii. Naanza kufua naacha, naanza kupika naacha, na barua hii nimeshaichana na kuianza upya.

Nimempa jirani yangu Othmani aje nayo kwa sababu kwenye simu yako sauti inatoka kubwa mpaka majirani wanachangia maongezi. Naomba uisome mwenyewe kwa miwani yako. Hata Amosi akirudi safari, usimpe akusomee. Mdogo wangu nampenda, lakini siri kwake hailali.

Jambo lenyewe ni hili. Mjukuu wako Kudra anakuja Desemba kama tulivyokubaliana, atasafiri kwa basi na mke wa Othmani. Wewe unajua anakuja kuwasalimu. Mimi najua anakuja pia kukuuliza kama aendelee kuishi nami hapa au Januari ahamie Durban kwa baba yake. Vusi hana kinyongo nami, amesema mtoto akitaka, mlango uko wazi. Kwa hiyo neno limebaki kwako, na Kudra atalifuata. Namna nilivyojua hayo ndiyo inayonikosesha raha. Nitakueleza kwa mpangilio, maana nikivuruga hutanielewa.

Kila Jumamosi watoto wa Kikongo, Kirundi, Kikenya na wetu Watanzania wanafundishwa Kiswahili kwenye ukumbi wa kanisa hapa Bertrams. Mwalimu wao anaitwa Murielle, binti wa Bukavu anayesomea ualimu chuo kikuu huko Braamfontein, jirani na duka la kutoa kopi ninakofanya kazi. Watoto hawa wamezaliwa huku. Kiswahili wanakisikia, lakini ukiwasemesha wanakujibu kwa Kiingereza au Kizulu. Kudra nikimwambia aoshe vyombo, jibu ni “eish, Mama”, na zaidi ya hapo hupati kitu.

Murielle akaona vitabu vinawachosha, akawafungulia ukurasa mtandaoni. Ni kama karatasi moja, Mama, lakini watu wengi wanaiandika kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa simu yake na mahali pake. Unaliona jina la mwenzako likitembea juu ya mstari. Akiandika, herufi zinatokea mbele yako moja moja, na akifuta unaziona zikimezwa. Siku za kwanza ilikuwa vurugu. Elisée alifuta sentensi ya Gradi akasema inanuka, Gradi akairudisha kwa herufi kubwa na kuongeza kwamba kinachonuka ni soksi za Elisée. Lakini walikuwa wanagombana kwa Kiswahili, na Murielle akasema acha wagombane.

Kisha akatualika wazazi tuingie tusome kazi zao. Hapo ndipo tulipomwaibisha. Baba yake Gradi alipoingia aliona si adabu kusoma bila kusalimu, akasalimu nyumba moja moja kwa jina, akauliza wagonjwa wanaendeleaje. Wengine wakamjibu. Mama Elisée akatangaza matanga ya shemeji yake huko Rosettenville, watu wakatoa pole, na katikati ya pole mtu akaweka picha za vitenge vipya. Insha za watoto zikasukumwa chini kabisa. Jumamosi iliyofuata Murielle alituambia, kwa heshima lakini macho yanacheka, kwamba ule ni ukurasa wa shule, si uwanja wa kanisa baada ya misa.

Akabadili mpango. Kila mtoto akapewa ukurasa wake na mzee mmoja aliyeko nyumbani kwao: mzee anaandika, mtoto anajibu, mwalimu anapita mara moja moja kusahihisha. Gradi alimpata babu yake wa Uvira. Kudra alikuchagua wewe. Nilimwambia Bibi ana simu ya kitochi tu, isiyo na mtandao, akasema basi Mjomba Amosi akuandikie kwa simu yake. Amosi alikubali kwa maneno mengi, kisha akaenda Ifakara kwenye mpunga na simu ikawa haipatikani.

Kudra alisubiri. Wenzake walikuwa wanasoma barua za mababu kwa sauti, ukurasa wake mweupe. Gradi akatangaza kwamba Bibi yake Kudra bado anapanda milima ya Uluguru kutafuta mtandao. Ukumbi mzima ukacheka. Kudra hakucheka, na alipofika nyumbani alisema hataki tena kwenda.

Wiki hiyo ukurasa ukapata maneno. Bibi alimsalimu, akamwambia habari za goti na mvua, akamwambia kuna kuku mweupe anayeingia jikoni kila jioni na kulala kando ya mafiga kama mtu mwenye hati ya nyumba. Kudra alicheka peke yake chumbani, nikamsikia. Tangu hapo alikuwa anatoka chumbani kuniuliza neno fulani linaandikwaje, anarudi, anatoka tena. Alimuulizia kuku mweupe kila mara. Jumamosi alisoma kwa sauti mbele ya wenzake, na Gradi akakiri kwamba kuku wa Kudra anamshinda babu yake. Murielle alinishika mkono akasema nina bahati ya kuwa na mama kama wewe. Nikaitikia kwamba ni kweli.

Mama, hukuwahi kuandika neno hata moja, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote. Ni mimi. Nilifungua akaunti kwa jina lako, Gaudensi, pale dukani wakati wa chakula cha mchana, na nikaanza kusema kwa kinywa chako. Unanijua tangu sekondari naandika shajara kila siku. Siku ile niliandika tarehe tu, chini yake nikaacha wazi.

Nilidhani ningeandika mara moja mpaka Amosi arudi. Lakini mtoto aliyekuwa ananijibu “eish” alikuwa anamwandikia Bibi kurasa nzima, na nilikuwa na njaa ya maneno yake. Nikaendelea. Halafu siku moja akaandika: Bibi, usimwambie Mama. Akasema anataka kwenda Durban. Akasema hamchukii mama yake, ila nyumba yetu ni kama ofisi. Mama anaandika kila kitu, saa aliyotoka, saa aliyorudi, alikula nini, na hajui mara ya mwisho Mama alicheka lini, labda hilo nalo limeandikwa. Akasema atakuja Desemba akuulize, na utakalosema ndilo atakalofanya.

Niliyasoma nikiwa kazini. Mwanafunzi alikuwa anasubiri kopi za mtihani wake, mashine ikaendelea kutoa karatasi mpaka zikamwagika sakafuni, naye ananiita “auntie, auntie”, mimi nimesimama tu.

Hapo ningepaswa kuacha. Badala yake, Jumapili iliyopita, mvua ya mawe ikipiga bati, nilikaa jikoni na simu nikamjibu kama Bibi. Nilimwambia amheshimu mama yake, amalize shule, mama ni mmoja. Aya ndefu, zimenyooka. Kudra alikuwa chumbani, ukuta mmoja kati yetu. Jibu lake likaanza kutokea: Bibi, mbona umenuna? Akasema kwenye simu unamwita mke mwenza, unamwambia anakuja kukunyang'anya mume na utamfukuza kwa mwiko, lakini kwenye ukurasa huu hujamtania hata siku moja.

Mama, alisema kweli. Mengine yote niliyaiga: goti lako, mvua, hata ule mtindo wako wa kusema “haya basi” kabla ya kuaga. Utani niliusahau, kwa kuwa si wangu. Utani ni wa bibi na mjukuu, mama hana. Nikajaribu. Nikaandika “we mke mwenza”, nikafuta, maana mume anayegombaniwa ni baba yangu mzazi. Nikaandika “njoo tu, mzee mwenyewe hana meno”, mkono ukakataa, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Ndipo nikakumbuka jinsi ukurasa ule unavyofanya kazi. Kila nilichoandika alikuwa anakiona kinatokea, na kila nilichofuta alikuwa anakiona kinamezwa. Jina lake lilikuwa limesimama pale chini ya mstari wangu, halitembei.

Mwisho akaandika: Basi Bibi, usihangaike, nitakuja unitanie kwa mdomo. Akatoka kwenye ukurasa. Mvua ilipokatika alikuja jikoni, akaokota vioo bila kutumwa, hakuniangalia.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kusimama na kukaa. Barua niliyoichana ilikuwa na ombi jingine, nalo nitakuambia ili usinione bora kuliko nilivyo. Nilikuwa nimekuandikia yote “uliyosema”, uyashike, Kudra asitugundue. Nilikuomba ununue kuku mweupe umzoeze kulala jikoni. Na nilikuomba, akikuuliza habari ya Durban, umwambie hapana.

Leo baada ya kanisa nilikuwa naandika hayo hapa mezani. Kudra akaja na chai, vikombe viwili, akakaa. Akaniuliza namwandikia nani. Nikasema Bibi. Akanywa kidogo, kisha akasema, kwa Kiswahili kitupu, nikuambie kwamba mke mwenzako yuko njiani, uchague mapema nani atalala wapi. Halafu akasema kama kuku mweupe hayupo, si neno, hata mweusi atamfaa. Akaniangalia usoni. Akasema, “Mama, chai inapoa.” Nikacheka, Mama, nilichelewa lakini nilicheka, na yeye akacheka, kisha akauliza kama hilo nalo naliandika. Nikamwambia ndiyo, kwa Bibi.

Habari ya Durban hakuigusa, nami sikuigusa, ingawa ulimi uliwasha. Akaondoka na vikombe, nami nikaichana barua.

Kwa hiyo ninayokuomba sasa ni machache. Nisamehe kwa kukiazima kinywa chako bila hodi. Akifika, mtanie kwanza, mtanie sana, anakudai utani wa miezi. Na akikuuliza swali lake, jibu lako liwe lako wewe Gaudensi. Kama unaona aende kwa baba yake, mwambie aende. Nimemkatia tiketi ya kuja tu. Ya kurudi, na ya kurudi wapi, nimemwambia atanieleza mwenyewe, kwa sauti yake, nami nitasikiliza bila kalamu mkononi.

Msalimie Baba, mwambie wake zake wanakutana Desemba ajiandae. Msalimie Amosi akirudi toka Ifakara, na mkaripie kidogo kwa niaba yangu. Wasalimu wa jumuiya na Mama Jeannine wa pale kisimani. Nimekuwekea miwani mipya ndani ya mzigo wa Othmani, na soksi nzito za Baba.

Mungu akulinde mpaka tutakapoonana.

Ni mimi mwanao,
Rosalia

Kuku mweupe usimnunue.