Wanaomshika Yona Chumba cha Mizani

Mama,

Wageni wa chuo waliondoka Ijumaa iliyopita na Tausi wa chuoni bado anamshika mjukuu wako nikiingia darasani. Ndiyo maana nakuandikia. Ungekuwepo ningekuja kukaa karibu yako pale jikoni unapochambua mlenda, nikueleze, na wewe ungeuliza swali lako lile, "Anataka nini huyo?" Sasa sina wa kuniuliza. Najiuliza mwenyewe, na nachoka.

Miezi miwili tangu tukuzike. Nyumba ya Chang'ombe tunalala wawili tu, mimi na Yona. Mwanao Daudi, baba yake Yona, yuko Gulwe ananunua karanga. Tangu shirika lilipompunguza kazini hajatulia mahali pamoja. Yona ameota jino la tatu. Ulikuwa unamwita "mume wangu", unamkaripia, "Mume gani huyu hajui kuleta hata kuni!" Sasa mumeo anatambaa, Mama. Anakutafuta chini ya kitanda chako. Namwacha atafute.

Wewe ndiye uliyekuwa unabaki naye nikienda chuo. Hukukipenda kile chuo. Ulikiita ghala mpaka mwisho, na kweli lilikuwa ghala la mahindi la serikali kabla hawajaliuza. Mvua ikikaribia darasa letu bado linanuka magunia. Lakini pale hospitali ulinishika mkono ukasema, "Usiache kusoma. Na huyu usimpeleke kwa watu." Mambo mawili kwa mpigo. Nifanyeje, hukusema.

Baada ya matanga nilirudi chuo naye mgongoni. Akalia katikati ya somo. Mwalimu akaangalia dari, akasubiri. Nikatoka. Nikasimama nje dirishani, daftari juu ya ukuta, naandika ninachosikia. Siku tatu hivyo. Siku ya nne akatoka msichana mmoja wa darasani, Tausi, ametokea Kigoma, mrefu kama mlingoti, hatujawahi hata kusalimiana vizuri. Akanyoosha mikono.

"Lete huyo, ingia ndani. Unatuzibia mwanga."

Nilimpa, Mama. Usinikasirikie. Lakini saa nzima sikushika neno la mwalimu, macho yangu yalikuwa mlangoni. Kipindi kilipoisha nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya Yona akitoka kwa majirani. Nikamnusa mdomo, nikamgeuza, nikamtazama nyuma ya masikio. Ulikuwa uji wa ulezi. Tausi akacheka. "Umemaliza kumkagua? Hajapungua."

Wiki iliyofuata nikakuta karatasi mlangoni pa chumba cha mizani, pale walipokuwa wakipimia magunia zamani. Majina saba, na saa za kila mmoja kumshika Yona. Saba! Watu waliokuwa wananipita getini kama wanapita nguzo ya umeme. Niliwashukuru kwa mdomo, moyo ukakataa. Nani huyo anaamka asubuhi moja na kujiandikisha kulea mtoto wa mtu?

Jibu nililipata kwa mlezi wa wanafunzi. Aliniita ofisini, akanikaribisha kiti. Hajawahi kunikaribisha kiti. Akasema wafadhili wanakuja, wanataka kuona chuo kinavyompokea kila mtu, hata mama mwenye mtoto, kwa hiyo nitasimama mbele na Yona tupigwe picha. "Ufunge ile kanga yako nzuri," akasema. Nikatoka moja kwa moja mpaka kwa Tausi. Nikamuuliza, mliambiwa mumshike? Hakupepesa jicho.

"Tuliambiwa. Kwani ulidhani malaika ameshuka?"

Daudi alipokuja nikakosea nikamwambia yote. Unamjua mwanao. Akasema wageni wakishapanda gari, hao watoto wa watu nao watatawanyika. Akasema mwezi ukiisha Yona aende Gulwe kwa wifi yako, au mimi niache chuo, nichague. Sikumjibu. Si kwa heshima, Mama. Ni kwa sababu nami niliwaza vilevile.

Siku ya wageni nilifika na kanga yangu ya kila siku. Yona nilimlaza chumba cha mizani. Mlezi akaja mbio, "Mtoto yuko wapi?" Nikamwambia amelala, na picha yake haipigwi. Wageni wakanikaribia wakiwa wanatabasamu, mmoja akauliza kitu, mlezi akanitafsiria: naonaje chuo? Nikasema nashukuru kusoma, lakini mtoto analala kwenye chumba kisicho na dirisha, sakafuni kuna chuma cha mizani kinachomchubua magoti, na majina yaliyo mlangoni sijui yatakaa mpaka lini. Mlezi akawageuzia kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kubabaisha, ila najua maneno yangu yalikuwa mengi na yake yalikuwa matatu. Wageni wakapiga makofi.

Jumatatu karatasi haikuwepo mlangoni. Zilibaki alama za gundi tu. Nikasimama pale na Yona mgongoni, nikasema haya, ndiyo hayo. Nilishaanza kugeuka nirudi nyumbani nilipomsikia Tausi ndani.

"Umechelewa! Mimi nina semina saa nne, unajua?"

Alikuwa ametandika mkeka juu ya kile chuma. Nikamwambia karatasi imebanduliwa. Akasema imebanduliwa na walioibandika, mtoto naleta au naondoka naye? Sikumpa. Nilisimama mlangoni kama nimepigiliwa misumari, na swali lako likanitoka bila adabu, mbele yake, "Kwani wewe unataka nini kwangu?"

Alikaa chini kwanza. Akaanza kukunja kona ya mkeka, akaikunjua. Akasema ana mtoto wa kike, yuko Kigoma kwa mama yake. Kwenye fomu ya kujiunga palikuwa na swali kama una mtoto, yeye akajaza hapana, maana alisikia wanaojaza ndiyo hawaitwi. Mwaka wa pili sasa hajamwona. Likizo iliyopita alimtumia gauni, wakamjibu kwamba lilimbana halikupita kichwani. "Alikuwa mdogo nilipomwacha," akasema. "Nilinunua la yule niliyemwacha."

Hakulia. Akanyoosha tu mikono. "Hilo ndilo ninalotaka. Nipe nimshike."

Nikampa. Na unajua, Mama, siku hiyo nilisikia somo lote. Nilikuwa nimeshajua anachotaka, roho ikatulia.

Katika wale saba wamerudi wawili, Tausi na kijana mmoja mpole ambaye Yona anamvuta ndevu. Wengine wanne wakiniona wanasoma matangazo ukutani hata kama ukuta ni mtupu. Mmoja aliniambia wazi kwamba amechoka, nikamheshimu kwa hilo. Mlezi haniangalii. Nasikia picha walipiga, walimpata mtoto wa mpishi. Nani anajua watanifanya nini matokeo yakitoka. Nimeanza kutunza kila karatasi wanayonipa, hata risiti ya maktaba. Tausi nimemwambia siri yake haitatoka kwangu, na haitatoka. Kwako nimeisema kwa sababu wewe huna wa kumwambia.

Nilikuwa nimekaribia kumkubalia Daudi, nikuambie ukweli. Gulwe si mbali, nilijiambia, wifi yako ana ng'ombe, maziwa yapo. Lakini sasa kila nikifikiri Gulwe naliona lile gauni. Sitaki kumnunulia Yona shati la mtoto niliyemwacha.

Daudi anakuja Jumamosi kumchukua. Sitamwambia watu wa chuo ni wema, maana sijui. Nitamwambia wapo wawili, majina yao nayajua na ninajua wanapolala, na nikipungukiwa nitasimama dirishani tena. Atafoka. Atasema nimekuwa kichwa ngumu tangu ufe. Akimaliza nitampakulia chakula. Lakini mtoto haendi, na mimi siachi. Yale mambo yako mawili nimeyabeba yote, Mama, nitayafikisha, hata kama njia yenyewe naikanyaga huku naangalia nyuma.

Pumzika, mama wa mume wangu. Ulinipenda kwa ukali, na nimekuelewa umeshaondoka. Jumamosi treni ikifika nitakuwa stesheni kumpokea mwanao, Yona mgongoni, na nguo zake zote nimeziacha nyumbani kwenye kamba.

Mkweo,
Mama Yona