Mkono wa Eliasi

Jumatatu, 6 Juni 1955

Wamemleta Eliasi kutoka hospitali. Machela, wanaume wanne, na kina mama nyuma wakiimba kana kwamba wanazika. Hawaziki. Yu hai. Kiharusi kimechukua upande wa kulia tu — mkono, mguu, nusu ya mdomo. Na maneno yote. Mume wangu, ambaye akilewa alisikika kutoka barabara ya Usa River mpaka huku juu, sasa ana sauti moja: aaa.

Mama mkwe alilia mpaka akakaa chini. Mimi nikachemsha maji. Watu wakanong'ona kwamba Tabea ana moyo wa jiwe, au ana imani. Wakakubaliana ni imani.

Ule mkono nimeulaza mwenyewe juu ya blanketi. Mzito kama mgomba uliokatwa. Nimeutazama sana. Ndio ulioziba sikio langu la kushoto mwaka juzi, jikoni, kwa sababu ya chumvi. Tangu hapo kanisani nakaa upande wa kushoto kabisa ili mahubiri yaingie kwa sikio lililobaki.

Sasa ulale.

Jumamosi, 11 Juni

Nesi Hanna wa hospitali ya misheni amepanda kutuona. Msichana wa hapa hapa mlimani, hana maneno mengi. Mguu utarudi wenyewe kiasi, anasema. Mkono hautarudi bila mazoezi, na mazoezi yaanze sasa, si baada ya mavuno ya kahawa. Ukikaa, umekaa.

Nikamuuliza: "Umekaa kabisa?"

"Kabisa, mama."

Akanishika bega. Alidhani naogopa.

Jumatano, 15 Juni

Bwana Bharat amekuja! Lori lilishindwa na tope, akamalizia kwa miguu, viatu mkononi. Eliasi amemwendeshea lori la kahawa tangu tulipooana. Kaleta biskuti na habari. Nduguye, Navin, ana klabu ya mazoezi kule mjini Arusha: kamba, vyuma, kila kitu. Ni ya vijana wa Kihindi, lakini asubuhi za siku za kazi ukumbi ni mtupu. Eliasi aende. Lori litamchukua, lori litamrudisha. Baadhi ya wanachama wamenung'unika — Mwafrika ashike kamba zetu? — Navin kawajibu kwamba kamba alizinunua yeye.

Mama mkwe kapiga vigelegele. Eliasi: aaa! aaa! Machozi mpaka shingoni. Mimi nimesema niende kwanza nikaone.

Ijumaa, 17 Juni

Nimeiona klabu. Iko nyuma ya ghala la Bharat. Chumba kirefu, sakafu ya mbao, harufu ya mafuta ya nazi na jasho. Ukutani picha ya Hanuman, mungu wao mwenye sura ya nyani, imevishwa maua ya manjano. Na kioo! Kikubwa kuliko mlango wa kanisa. Sikuwahi kujiona mzima namna ile. Sikujua kwamba nikisimama nainamisha kichwa upande, kama kuku anayesikiliza.

Navin ana kifua kama pipa na sauti ya mwalimu wa Sunday school. Kanionyesha kamba inayopita kwenye gurudumu darini: mkono mzima unavuta chini, mkono mgonjwa unapanda juu. Kisha kanionyesha mtu. Seremala wa Kisingasinga, mzee, aliyeletwa pale kwa mkokoteni, upande mmoja umekufa kama wa Eliasi. Mzee akaokota nyundo kwa mkono ule ule. Akapiga msumari ubaoni. Pigo moja, ukazama wote.

"Bwana wako atakuwa hivi," Navin akasema. "Atamzidi, mama. Ana mwili."

Nikamshukuru sana. Nikautazama ule msumari.

Tulipokuwa tunarudi nilikaa mbele, karibu na dereva mpya. Kabla hatujafika Tengeru nilikuwa nimekwisha kuamua.

Jumamosi, 18 Juni

Nimemwambia mama mkwe kwamba haendi. Lakini sikumwambia hivyo. Nilisema: "Mama, Eliasi avuliwe shati mbele ya vijana wa watu? Na mate yanamtoka? Kuna kioo kule, ukuta mzima. Ajione? Mazoezi ni mazoezi. Nitamfanyisha mimi, nyumbani, mbele ya macho yako."

Ana kiburi kama cha mwanawe. Nilikigusa, kikaitika.

"Kweli," akasema. "Mwanangu si mnyama wa kutazamwa."

Eliasi alikuwa pale, anasikia yote. Akapiga godoro kwa mkono wa kushoto. Aaa! Aaa!

"Unaona," mama akasema. "Amekubali."

Jumapili, 19 Juni

Mchungaji amenitaja madhabahuni. Wake za siku hizi wajifunze kwa Tabea. Nimesikia kila neno.

Jumanne, 28 Juni

Mazoezi yetu ni hivi: wageni wakija naushika mkono, napandisha, nashusha, huku naimba. Wageni wakipita uzio wa migomba, wimbo unakatika hapo hapo. Mkono unarudi chini ya blanketi.

Vidole vimeanza kujikunja. Vizuri.

Jumatatu, 4 Julai

Amenitemea uji. Si bahati mbaya! Kisha kwa mkono wa kushoto akasukuma bakuli likanimwagikia gauni lote. Akacheka kwa ile nusu ya mdomo.

Haya. Mkono wa kushoto umekosa, mkono wa kushoto utafungwa. Nimemkokota mpaka kitini barazani, nikaufunga kwa kanga kwenye ubao wa pembeni wa kiti, fundo juu ya fundo. Loshoro, mahindi na maziwa mgando, chakula anachokipenda kuliko vyote — nimekiweka juu ya kigoda upande wa kulia. Karibu kabisa.

"Chukua," nikamwambia. "Mungu alikupa mikono miwili."

Nikaenda kuchuma kahawa. Niliporudi kuku walikuwa wamemaliza bakuli, na yeye amelia mpaka kamasi. Nikamfuta. Wala sikuona haya. Nimelala usingizi mzuri mchana huu.

Ijumaa, 8 Julai

Kila siku sasa. Mama mkwe akishaenda kwenye kihamba chake, shamba lake la migomba, basi: kanga, kigoda, chakula. Jioni namlisha mwenyewe, kiasi cha kumtosha. Mimi si muuaji.

Analia kidogo kuliko mwanzo. Anatoka jasho zaidi.

Alhamisi, 14 Julai

Neno la kwanza! Mbwa. Limetoka safi, halikukwama popote.

Ni kweli mbwa wa jirani alikuwa analamba bakuli. Lakini macho yake hayakuwa kwa mbwa.

Mama mkwe alisikia sauti akaja mbio, nikawahi kuifungua kanga. Mwanangu amesema? Amesema nini? Nikamwambia amesema "mama". Akapiga magoti kwenye vumbi, akamshukuru Mungu kwa sauti, akamshika mwanawe uso kwa mikono yote miwili. Eliasi akanitazama juu ya kichwa cha mama yake. Nikatabasamu.

Jumamosi, 23 Julai

Nilikuwa kwenye mibuni, kapu kiunoni. Baridi, mlima hauonekani. Nikaona bega la Eliasi linasogea. Nikadhani ni upepo kwenye shati. Halafu mkono wote ukateleza kutoka gotini, ukaanguka kwenye kigoda kama kitu kilichotupwa. Kidole kimoja kikaingia kwenye bakuli. Kikakaa. Kisha kikajikunja — chenyewe! — akauinamia mkono wake kama mbuzi anayekunywa, akakilamba.

Nilimwaga kapu zima. Nimeokota punje moja moja.

Jumatano, 27 Julai

Leo mkono umefika mdomoni. Nusu ya chakula ilimwagika kifuani. Nusu iliingia. Hakunitazama hata mara moja. Alikuwa na kazi.

Jumamosi, 30 Julai

Nesi Hanna. Kamwambia Eliasi ashike kidole chake. Akashika. Kamwambia aachie. Akaachia. Msichana wa watu macho yakamtoka!

"Hata kule klabuni kwa Wahindi asingefika hapa upesi hivi. Umefanyaje, mama?"

"Maombi," nikasema.

Akakiona kifundo cha mkono wa kushoto. Kanga imeacha alama. Akakigeuza, akakigeuza tena. Kisha Hanna akasema polepole, bila kunitazama: "Mkono mzima ukizuiwa, ule mgonjwa unalazimika kufanya kazi. Sikuwahi kuona mtu akithubutu. Endelea hivyo hivyo."

Endelea hivyo hivyo! Nimekataa klabu ili mkono ufe. Nimeufufua mwenyewe, kwa njaa na kwa kanga. Kama ni mzaha wa Mungu, ni mzaha mbaya.

Jumapili, 31 Julai

Nimefikiri wakati wote wa ibada. Kumtesa kumempa mkono. Basi imebaki njia moja.

Kuanzia leo mimi ni mke mwema.

Ijumaa, 5 Agosti

Namlisha kwa kijiko. Namnyoa. Namvalisha viatu. Akitaka maji, maji yako mdomoni kabla hajanyoosha shingo. Mkono wa kulia nimeufunika kwa blanketi zito, na mto chini yake, upumzike. Akijaribu kuutoa naurudisha taratibu. "Usijichoshe, baba."

Akifunga mdomo, namshika taya kwa upole mpaka ufunguke.

Kina mama wa kanisa walitukuta hivyo. Mmoja alitoka nje kujifuta macho. Anamlisha kama mtoto, akasema.

Vidole vimejikunja tena.

Jumanne, 9 Agosti

Anajikongoja kwa fimbo sasa, akiburuta mguu. Leo ameenda mwenyewe mpaka kwenye kamba ya nguo. Akaivuta ile kanga, akaja nayo, akaniwekea mapajani. Akakaa kwenye kiti chake. Akalaza mkono wa kushoto juu ya ubao.

"Fu," akasema. "Funga."

Mwanaume huyu! Aliyekuwa hawezi kuomba hata maji, alikuwa anaamuru tu. Ananiomba nimfunge.

Nikaikunja kanga vizuri, nikaiweka sandukuni, nikamletea uji na kijiko. Akanitazama muda mrefu. Namjua akitazama hivyo. Zamani baada ya kutazama kule kulikuwa na kofi.

Ijumaa, 12 Agosti

Mama mkwe si mjinga. Kauvuta mkono kutoka chini ya blanketi, kajaribu kuvikunjua vidole, Eliasi kaguta kwa maumivu.

"Wiki mbili zilizopita mkono huu ulishika kikombe," akasema. "Umefanya nini, Tabea?"

"Nimemtunza, mama."

"Umemtunza." Akaninusa, kweli kabisa, kama mtu anayenusa maziwa. "Nyumbani kumeshindikana. Jumatatu anakwenda klabuni, avuliwe shati, avuliwe na suruali, sijali. Nimekwisha kutuma mtu kwa Bharat."

Nani amkatae mama mzazi? Mchana kutwa namwona yule mzee na nyundo yake.

Jumatatu, 15 Agosti

Lori lilifika umande haujakauka. Navin alikuja mwenyewe. Mama mkwe alikuwa amemvalisha mwanawe shati jeupe la kanisani na kumpaka mafuta. Machela tayari. Mimi nilisimama mlangoni, mikono kwenye gauni.

Navin ni mtu wa adabu. Alichuchumaa mbele ya kiti, akamuuliza Eliasi. Mwenyewe! Hakuna aliyewahi kumuuliza — si mama, si mimi, si Bharat.

"Bwana Eliasi. Mazoezi tufanyie wapi? Kule kwangu, au hapa kwako?"

Mdomo ukahangaika, shingo ikatoka mishipa. Mama akafungua kinywa amjibie, Navin akainua kiganja kumzuia.

"Hapa," Eliasi akasema.

"Hapa nyumbani?"

"Hapa. Na huyu."

Na ule mkono wa kulia ukanyanyuka kutoka gotini. Si juu sana. Kidole kimoja kikajikunjua, kikatetemeka, kikanyooka. Kikanielekea mimi.

Mama mkwe akaangua kilio. Mapenzi haya! Akanikumbatia, akaniomba msamaha, akaniita mwanangu — mara ya kwanza tangu niolewe. Navin akacheka kwa furaha. Akafunga kamba na kigurudumu kwenye boriti ya baraza, akanionyesha namna ya kuvuta, akapeana mkono na Eliasi. Mkono wa kulia. Wakashuka.

Sijui. Pengine anaitaka kanga kwa sababu kanga inafanya kazi. Eliasi hakuwa mpumbavu kamwe. Amenisamehe? Hapana. Si Eliasi. Au anataka mkono uponee hapa, usipoteze muda barabarani, upone huku nikiwa nimekaa karibu, pale kofi linapofika.

Mama mkwe ameenda kwake kuchinja kuku. Tumebaki wawili. Naandika nimesimama jikoni. Yuko barazani, namwona kwenye ufa wa mlango: mkono wa kushoto ameulaza juu ya ubao wa kiti, kiganja juu, unangoja. Kanga iko begani kwangu. Sikumbuki kuitoa sandukuni.

Ananiita. Si aaa. Jina langu, lote, polepole, halafu tena. Hakasiriki. Ana subira ambayo hakuwa nayo akiwa mzima.

Uji unafurika. Nimeutazama tu ukizima moto.

Ameita tena. "Naja, baba," nimejibu, na bado sijatoka.