Mbuzi wa Kukodisha

Munigi, Jumanne

Wanamukodisha mbuzi! Pale kwenye kona, kama watu wanavyokodisha pikipiki.

Na sheria niliiweka mimi mwenyewe kwenye duka langu la dawa za mifugo, baada ya kuzika mutoto wa dada yangu. Wezi walimutilia dawa ya kulaza ngombe kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, akalala, hakuamka tena. Tangu siku hiyo dawa hiyo siuzi kwa katoni. Chupa moja tu, na lazima nimuone munyama.

Asubuhi kijana alileta mbuzi mweupe, sikio moja limekatwa. "Mama, anapiga mateke, tunataka kumushona kidonda." Nikauza, hata kidonda sikukiangalia. Saa sita akaja mwingine na mbuzi huyo huyo. Nikamufukuza. Nikamusikia nje akimugombeza mwenye mbuzi: "Rudisha franga zangu, huyu mama amemujua!"

Halafu akaja muzee Bahati, mufugaji wa kweli, ametoka Masisi. Fahali wake amevunjika pembe, damu inatoka, hakuna wa kumukaribia. Nikamwambia lazima nimuone munyama.

"Mama, nimuvushe kwenye bariere zote zile za askari njiani?"

Nikarudisha chupa kwenye rafu. Sheria nikiilegeza kwa huyu, kesho... Akaenda zake mikono mitupu.

Jioni nikifunga, mbuzi yule akaingia peke yake, bila mutu. Akasimama mbele ya meza, akatulia, akangoja chupa.

Amezoea. Basi kabla ya leo nimewauzia vijana hawa mara ngapi?