Kiti cha Maisha cha Mzee Vuai

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Bosi mpya ana wazo. Mungu tusaidie.

Huyu Herbert, mkurugenzi wa michezo, hajamaliza hata mwezi hapa chuoni na tayari kaihamisha meza yangu mara mbili. Leo kaniita ofisini, uso umemng'aa. Anataka tufanye Siku ya Mashabiki Wakongwe kwenye mechi ya mpira ya Jumamosi, tarehe kumi na nane. Kwao Marekani, anasema, timu za vyuo zina wazee wanaokuja uwanjani miaka na miaka, iwe mvua, iwe theluji. Siku moja kila mwaka wanashangiliwa wao badala ya wachezaji. Wanapewa blanketi la rangi za timu. Na aliyewazidi wote kwa kuja anapewa kiti cha maisha chenye jina lake.

Kazi yangu: kumtafutia wakongwe.

Wakongwe gani, Doha hii! Wanafunzi wanakaa miaka minne wanaondoka. Walimu mkataba ukiisha wanaondoka. Chuo chenyewe ni kichanga. Nikamwambia hivyo, kwa adabu. Akasema kila timu ina wazee wake, nitazame vizuri tu.

Nimetazama. Shabiki wa siku nyingi niliyempata ni paka anayelala nyuma ya goli.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekumbuka! Madereva!

Kila mechi wako jukwaa la wageni, maana ndiko kwenye kivuli. Wanawaleta watoto wa mabosi wao, halafu wanakaa kungoja. Na katikati yao Mzee Vuai, Mpemba, dereva wa familia moja ya hapa. Watoto wanne wa nyumba ile wamesoma chuoni kwetu, mmoja baada ya mwingine, na wote kawaleta yeye. Alianza kuja zamani, uwanja ukiwa bado mchanga mtupu.

Yeye ndiye mwenye "Kaba!" Adui akigusa mpira tu, mzee kasimama: kaba, kaba huyo, unamwachia nini! Sasa timu nzima inalisema. Mpakistani, Msyria, Mkorea, wote ni kaba, kaba. Kocha analiandika ubaoni. Herbert anadhani ni Kiarabu. Mwalimu wa Kiarabu anadhani ni Kikorea. Mie nimenyamaza, raha yangu mwenyewe.

Nimemfuata kwenye maegesho, nikamwamkia, nikamweleza. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Akauliza kiti cha nini, mbona siku zote anakaa na hajawahi kuanguka.

Halafu nikakumbuka kwamba yule mtoto wa mwisho kamaliza masomo tangu mwezi wa tano. Nikamuuliza siku hizi anamleta nani. Akasema hamleti mtu. Anakuja kuangalia kama kivuli bado kipo.

Jumatano, 8 Oktoba

Mahojiano. Herbert anauliza, mie natafsiri. Mzee Vuai Kiingereza anakijua, ila anasema chake ni cha barabarani, cha kuketi kwenye zulia hana.

Herbert: kwa nini unaipenda timu hii? Mzee: pana kivuli. Nikatafsiri kwamba hapa amepata utulivu wa moyo. Herbert akaandika.

Mechi gani huwezi kuisahau? Mzee: ile taa zilipozimika, nililala usingizi mzuri sana. Nikatafsiri kwamba ile mechi ya giza hata leo anaiota. Herbert machozi yakamlengalenga. Jamani, nitakwenda motoni.

Lakini ndipo na yeye akafunguka. Baba yake alikaa kiti kimoja uwanjani maisha yake yote ya utu uzima. Siku uwanja ulipokarabatiwa, viti viling'olewa vikapakiwa lori. Baba akasimama nje ya uzio kukiomba chake. Akaambiwa haiwezekani, utaratibu hauruhusu. Mwaka uleule akafa. Herbert alilisema hilo huku anapanga kalamu zake mezani, moja moja.

Mzee Vuai akanigeukia. Akaniambia nimpe pole, na nimwambie kwamba amefahamu. Hilo nimelitafsiri kama lilivyo.

Tulipotoka nje ndipo akanipasulia. Anarudi kwao kabisa. Nyumba ile wamemwambia umri umetosha, wapumzike yeye na wao. Ndege Jumatano ya tarehe ishirini na mbili, kargo yake inaondoka Jumapili kabla yake. Kwa hiyo kiti cha maisha atakikalia mechi moja!

Nikasema lazima Herbert ajue. Akanikatalia katakata. "Usimwambie, mwanangu. Keshaagiza mablangeti."

Nimeapa. Sijui kwa nini nimeapa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nasimiyu karudi kutoka kanisani kule Mesaimeer na chapati za watu. Ndiye ninayeishi naye chumba hiki cha mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Yeye yuko hotelini West Bay, mie chuoni, tunaonana Ijumaa tu. Nimemwambia yote. Kiapo kilisema Herbert, hakikusema Nasimiyu.

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akauliza mzee mwenyewe amepewa nini na ile familia, miaka yote hiyo. Nikasema saa ya ukutani. Akasema wacha wampee hicho kiti basi, hata kama ni ya siku moja.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mablanketi yamefika. Arobaini, kiwandani hawauzi pungufu. Ya sufu! Mazito, rangi ya zambarau, yananuka mbuzi. Nje joto la kuyeyusha kandambili.

Mablanketi arobaini, mzee mmoja. Herbert anataka safu nzima ijae kwa ajili ya picha. Nikamletea madereva wenzake. Akawatazama, akauliza kwa upole kama hakuna walio wazeewazee zaidi. Hakuna, Herbert, huku watu hawaachwi wazeeke!

Basi wameongezwa wapishi, watunza bustani, na Job, askari wa geti, mvulana wa Kakamega mwenye mabega ya kubeba tanki la maji. Kaambiwa atembee polepole. Jioni nilimkuta nyuma ya kibanda anajizoeza kukohoa.

Na mechi imeletwa mbele, saa nane mchana. Kwao, eti, mpira wa chuo ni wa mchana.

Jumatano, 15 Oktoba

Kiti kimefungwa, jukwaa la nyumbani, safu ya mbele. Ni kilekile cha plastiki kama vingine, ila kimepakwa zambarau na mgongoni kina kibao cha shaba: VUAI HAJI VUAI. Chini yake, kwa Kiingereza, kwamba ni chake maisha yake yote.

Nimemwita aje akione. Alipitisha kidole kwenye jina, herufi kwa herufi. Halafu akachungulia chini ya kiti, nyuma ya kiti. Nikauliza anatafuta nini. Akasema anatafuta tarehe ya kwisha.

Nikasema hakina.

Akatoa pochi akanipangia kadi zake pale jukwaani. Bataka ya ukaazi, ina tarehe. Leseni, ina tarehe. Kadi ya hospitali, ina tarehe. "Jina langu huku halijapata kuandikwa mahali bila kuambiwa litakufa lini," akasema. "Hiki ndicho cha mwanzo."

Nilitaka kulia, nikajifanya nafuta vumbi kibao.

Halafu akatoa futikamba mfukoni akakipima kiti, urefu, upana. Nikadhani ni mapenzi tu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Si mapenzi tu!

Kanipigia asubuhi kuuliza nati za kile kiti ni namba kumi na saba au kumi na tisa. Nikauliza za nini. Akasema za kukifungulia, kargo haingoji. Keshakitengea nafasi: friji, magodoro mawili, baiskeli ya mjukuu, kiti.

Nikamweleza vizuri. Kiti cha maisha maana yake kinabaki uwanjani, wewe unakuja kukikalia. Halafu akauliza: amepewa au hakupewa? Nikasema kapewa. Akauliza tena: kwenu Tanga, mtu akikupa kuku, kuku anabaki kwa nani? Nikasema hiki si kuku. Akasema ndiyo, kuku angekuwa keshachinjwa.

Hajakosea. Hilo ndilo linaloniudhi. Nyumbani ukimpa mtu kitu ukabaki nacho wewe, hukutoa kitu. Hakuna aliyemweleza vingine, na mtafsiri nilikuwa mie! Nilitafsiri kiti, nilitafsiri maisha, sikutafsiri kwamba hakiondoki.

Nasimiyu kanipigia saa ya mapumziko, nikamwambia. Huyu sasa hakucheka. "Mwana, hiyo ni mali ya chuo. Akishikwa nayo kwa geti, ni wizi. Na mtu ako na kesi hapandi ndege. Utamfungia mzee Doha."

Kuna geti pasi, ndiyo. Hakuna hata mpira unaotoka chuoni bila karatasi ile, na mwenye mhuri wa idara ya michezo ni mie. Nikigonga mhuri kutoa kiti kilichozinduliwa na mkurugenzi siku hiyohiyo, kesho yake natafuta kazi. Nisipogonga, atakitoa vilevile. Namjua.

Nimwambie Herbert? Niliapa. Yarabi, kwa ajili ya kiti cha plastiki!

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika kwenye kibanda cha Job, getini. Nikiandika natulia kidogo.

Saa nane jua lilikuwa juu ya vichwa. Jukwaa la nyumbani linatazama jua usoni, hakuna kivuli hata cha kufichia kidole. Wakongwe wetu arobaini waliingia wamejitanda sufu. Watu wakasimama, makofi, na makofi yenyewe yalikuwa ya kweli, sijui kwa nini nilidhani yatakuwa ya mzaha. Wachezaji wakapanga mstari wakampa mkono Mzee Vuai mmoja mmoja, wakamwambia "kaba". Job alikohoa vizuri mno mpaka akaletewa maji na daktari wa timu.

Mzee akakaa kwenye kiti chake. Akapigwa picha. Jasho linamtiririka mpaka ndevuni. Kipenga kilipolia tu akainuka, akazunguka uwanja taratibu na blanketi lake, akaenda kukaa kivulini kama siku zote. Herbert kachanganyikiwa. Kamera zote zimeelekea kiti kitupu! Akanituma nikamrudishe. Mzee akasema mwambie kiti nitakifuata.

Mapumziko, tumefungwa moja bila. Nanunua maji, nageuka, naona madereva wanne wanavuka uwanja na kiti cha zambarau juu kwa juu, mzee nyuma na spana yake. Watu wakadhani ni sehemu ya sherehe. Wakapiga makofi tena! Herbert naye akapiga, kidogo kidogo, macho yamemtoka.

Kiti kikawekwa kivulini. Mzee akaketi, akavuta pumzi, akapiga "Kaba!" moja hiyo, beki wetu akaruka kama kachomwa sindano. Tukasawazisha. Moja moja. Wachezaji wakamkimbilia yeye, si kocha.

Mechi ikaisha. Nikamtafuta Mzee, hayupo. Kiti hakipo.

Nimekimbia mpaka getini, viatu mkononi. Gari la Mzee lipo, viti vya nyuma vimelazwa, kile cha zambarau kimesimama nyuma kimefunikwa blanketi. Miguu yote nje! Na Job, bado kajitanda lake, kazuia njia. Hamjui mtu wala hakumbuki kwamba saa mbili zilizopita walikuwa wakongwe wenzake. "Madam, hapa hakuna kitu inatoka bila gate pass. Hata kama ni ya babangu."

Mzee hakubishana. Kanitazama tu kwenye kioo.

Nimetoa kitabu. Nimejaza. Aina ya kitu: kiti kimoja. Mwenye kitu: Vuai Haji Vuai. Mhuri nimegonga, ndiyo, nimegonga, na iwe itakavyokuwa. Imebaki sehemu moja, na Job kaweka kidole hapohapo: tarehe ya kurudishwa. Bila tarehe geti halifunguki.

Ndipo Herbert akatokea, anakuja mbio na kamera, anataka picha moja tu zaidi. Akaona miguu ya kiti. Akaona kitabu. Akauliza ni cha nini, kinarudi lini.

Nikamwambia. Kiapo kimevunjika, basi. Hakirudi, nikasema, na mwenyewe harudi, ndege yake Jumatano.

Herbert kanichukulia kalamu mkononi, kwa hiyo hii ni penseli ya Job. Kaangalia ile sehemu iliyo wazi, kaangalia gari. Amesimama juani, shingo imemwiva.

Mzee kashuka, kaenda nyuma, kafunua blanketi. Mara hii hakuningoja nitafsiri. Kwa Kiingereza chake cha barabarani kamwambia: "Sit, boss. Here is shade."

Na Herbert kapanda! Kainama, kakaa kwenye kiti, ndani ya gari, magoti yamegusa kidevu, kitabu cha geti pasi kiko mapajani. Magari nyuma yanapiga honi. Kalamu iko juu ya karatasi na haiendi. Anapapasa kibao cha jina kwa mkono wa pili, nyuma ya mgongo wake, bila kukitazama.

Job ananiuliza kama huyu naye aandikiwe geti pasi.